Dodoma inatunza bodi, inamaliza raba: breki na mafuta kwenye Datsun 240Z

Kila mtu anayetoka pwani akiiona gari yangu anainama, anagonga kwa vidole chini ya milango, alafu anasema wewe una bahati, hamna kutu. Ni kweli hamna. Datsun 240Z ugonjwa wake unajulikana dunia nzima na ni kutu, bati lake jembamba, na chumvi ya bahari pamoja na ile wanayomwaga barabarani kwenye nchi za baridi imezimaliza nyingi sana. Hii yangu imekaa bandani huko Arusha miaka kibao, kisha ikaja hapa Dodoma ambako mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi. Bodi imepona. Ila ukavu huohuo unaotunza bati ndo unamaliza raba, na kwenye gari ya miaka zaidi ya hamsini kinachokusimamisha na kinachokupeleka vyote vinapita kwenye raba: mipira ya breki, sili za masta silinda (ile silinda inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli), mipira ya petroli, diaframu ya pampu. Hivyo hakuna anayeinama kuvigonga kwa vidole.

Ndo maana nimeamua kuandika. Naona vijana wengi sasa hivi wanapata hizi gari za zamani, Datsun, Celica, Corolla za milango miwili, na hela ya kwanza inaenda kwenye rangi na rimu. Mimi nasema hela ya kwanza iende kwenye breki, ya pili kwenye mfumo wa petroli, na hapo hujagusa injini bado. Injini mbovu itakuacha njiani, breki mbovu haikuachi njiani.

Kwa ambao hamuijui hii gari: ilitoka mwishoni mwa 1969 ikatengenezwa mpaka 1973, injini yake inaitwa L24, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi za muundo wa SU. Na huku kwetu ina heshima ya pekee. Safari Rally ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda na 240Z, wa pili akiwa Shekhar Mehta na 240Z vilevile, kisha 1973 Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda, akashinda akiwa na Lofty Drews. Mehta alikuja kushinda mara tano jumla. Nalitaja hili kwa sababu nimeshaambiwa na mafundi zaidi ya mmoja kwamba hii gari ni laini, ni ya lami ya Japani, kabureta mbili haziwezi vumbi. Zilipita kwenye vumbi na matope kuliko barabara yoyote utakayopita wewe leo zikashinda. Tofauti ni kwamba zile zilikuwa na raba mpya na mtu wa kuziangalia.

Tuanze na breki. Mbele ina diski, nyuma ina dramu, na nyuma kila tairi linajitegemea kwa hiyo mipira ya breki ni minne, mmoja kila tairi. Mpira wa breki wa zamani unadanganya sana kwa sababu kwa nje unaweza kuonekana mzima, labda vipasuko vidogo tu, kumbe ndani umevimba na njia imebaki nyembamba kabisa. Ukikanyaga, presha ya mguu wako ina nguvu ya kupitisha mafuta ya breki, ukiachia hakuna kitu cha kuyarudisha kwa nguvu, yanabaki kule kwenye kalipa (kile kibanio cha diski) na pedi zinaendelea kuuma diski. Unaendesha kidogo unasikia harufu, gari inavuta upande mmoja, ukishuka tairi moja ni la moto kuliko mengine. Hapo mafundi wengi wanakimbilia kusema kalipa imekufa. Kabla hujanunua kalipa fanya hivi, inua gari kwa jeki na uiweke kwenye stendi (jeki peke yake usiiamini hata siku moja), tairi likiwa limeganda legeza kile kinati cha kutolea upepo pale kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na tairi likawa huru, basi kalipa haina kosa, kuna presha imefungiwa, na sasa unarudi nyuma kutafuta ni mpira au ni masta silinda. Utajuaje: likiganda tena, safari hii legeza ile nati inayounga bomba la chuma na mpira. Tairi likiwa huru, tatizo liko juu kwenye masta silinda. Likibaki limeganda mpaka ufungue kule kwenye kalipa, mpira ndo mbaya. Na kama hata ukifungua kwenye kalipa tairi halizunguki, hapo kweli pistoni imeganda.

Pistoni za kalipa huwa zinaganda kwa gari iliyokaa muda mrefu, maana mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani. Hapa ndo watu wa Dodoma tunajidanganya tukisema huku ni pakavu. Yananyonya polepole kupitia tundu dogo la kwenye mfuniko na hata kupitia raba zenyewe, msimu mmoja wa mvua ukiongezea na mwingine na mwingine, baada ya miaka kumi bandani kuna maji ya kutosha kula chuma kwa ndani wakati kwa nje bati linang'aa. Ile ya kwangu tulipofungua masta silinda ndani kulikuwa na tope jeusi, na sili zilikuwa zimevimba zimekuwa laini kama zimechemshwa, na fundi wangu, mtu wa Kondoa, mtulivu, akazinusa akasema, "Mzee, hizi zilioshwa na dizeli."

Hili nitalirudia kila nitakapopata nafasi. Sili za breki hazioshwi na petroli, wala dizeli, wala mafuta ya taa. Raba zinazotumika kwenye breki zimetengenezwa kukaa na mafuta ya breki ambayo asili yake ni glaikoli, zikikutana na mafuta yanayotokana na petroli zinavimba na kulegea, na haichukui muda. Gereji nyingi kuna beseni moja la petroli chafu, kila kitu kinaogea humo, bearingi, gia, kabureta, na sili za breki nazo. Anayefanya hivyo siyo mtu mbaya, ndivyo alivyofundishwa, lakini wewe mwenye gari simama hapo ukatae. Tumia mafuta ya breki mapya au spiriti, kitambaa kisafi, basi. Na mtu akikuongezea kwenye kikopo cha breki mafuta ya stelingi au ya injini kwa sababu "yote ni mafuta", hapo hakuna kumwaga na kujaza upya, ni kubadilisha kila raba kwenye mfumo mzima, na klachi pia angalia, maana klachi ya 240Z inatumia mafuta yaleyale kwenye kikopo chake pembeni.

Mafuta yenyewe ya breki mimi natumia DOT 4, hilo ni daraja lake linaloandikwa kwenye chupa. Kiwango kinasema DOT 3 ikiwa mpya isichemke chini ya nyuzi joto 205, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140, na DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imenyonya. Namba hizi zinaonekana za vitabuni mpaka siku uteremke Nyang'oro. Ukitoka Iringa kuja Dodoma unaanza kwenye mita kama 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, unashuka mpaka Mtera ambako ni kama 700, na kwenye huo mteremko kuna kona na malori, na mtu akizoea kukaa juu ya pedeli muda wote joto la pedi linahamia kwenye pistoni, kutoka pistoni kwenye mafuta, maji yaliyomo yanachemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabinyika. Pedeli inaenda mpaka chini na hakuna kitu. Breki ambazo Dodoma mjini zilikuwa nzuri tu! Kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari haitembei, na mlima ushuke na gia, ya tatu au ya pili, breki unakanyaga kwa nguvu kidogo alafu unaachia zipoe. Na jihadhari na DOT 5, ile ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine kabisa, ingawa DOT 5.1 inachanganyika. Namba zinakaribiana, vitu ni viwili tofauti. Soma chupa.

Kutoa upepo, yaani kuondoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, kunajulikana kwa hiyo sitakaa sana hapo, unaanza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa hii ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, unamalizia mbele kulia. Kitu kimoja tu ambacho nimeona wengi hawakijali: kama masta silinda ni ya zamani, usimruhusu kijana anayekanyaga aipeleke pedeli mpaka sakafuni. Kule mwisho wa silinda ni sehemu ambayo sili haijawahi kufika miaka yote, kuna kutu na uchafu, sili ikipita hapo inachanika na kesho unaanza kutafuta masta silinda. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli.

Dramu za nyuma ndo vumbi letu linapoonekana. Kwenye hii gari wili silinda (silinda ndogo ya ndani ya dramu) ina pistoni moja tu, na silinda yenyewe inatakiwa iteleze kwenye ile sahani ya nyuma ili isukume shuu zote mbili. Vumbi jekundu likiingia likachanganyika na grisi ya zamani silinda inaganda mahali pake, shuu moja inafanya kazi yote, nyingine inaangalia. Gari inasimama, ndiyo, ila hendibreki haishiki vizuri na shuu moja inaisha upesi. Fungua, safisha pale inapoteleza, paka grisi kidogo sana ya joto kali, hakikisha inasogea kwa mkono. Na jamani, msipulize ndani ya dramu na kompresa. Shuu za miaka ile zilikuwa na asbesto, lile vumbi la kijivu likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Sasa kuna watu watakuambia funga kalipa za Hilux. Ni kweli zinaingia, kalipa za pistoni nne za Hilux 4x4 za miaka ya 80 zinakaa kwenye bolti za 240Z, na Tanzania spea za Hilux hazina shida, hapohapo mjini unapata na kama hazipo unapiga simu Kariakoo zinakuja na basi kesho yake. Naelewa kabisa kwanini mtu anafanya. Ila mimi nimebaki na za asili kwa sababu kalipa kubwa inataka mafuta mengi zaidi, pedeli inashuka zaidi kama masta silinda ni ileile, na mbele inakuwa na nguvu kuliko nyuma kwa kiasi ambacho mtengenezaji hakupanga. Kwa gari inayoenda Mtera Jumamosi na kurudi, breki za asili zikiwa na raba mpya zinatosha na zaidi. Aliyezikosa kabisa, pistoni zimeliwa na kutu, sili hazipatikani, huyo afunge za Hilux na apange masta silinda pamoja nazo.

Tuje kwenye mfumo wa petroli, na hapa raba inakuwa suala la moto. Kwenye L24 kabureta na eksosi viko upande mmoja wa injini, kabureta juu, manifoldi ya eksosi chini yake. Tone la petroli likidondoka linajua pa kwenda. Kwa hiyo mipira yote ya petroli, kuanzia kwenye tenki nyuma mpaka mbele, nilitoa yote nikaweka mipya: ya kwenda ni milimita 8 kwa ndani, ya kurudi ni 6. Iwe ni ile mipira iliyoandikwa kuwa ni ya mafuta. Ile mirija ya plastiki inayoonyesha ndani, ya pikipiki, kwa jua la hapa inakauka na kuwa ngumu, klipu inakaza bure. Na mtungi wa kuzima moto usiwe wa kuonyesha trafiki tu, angalia kama mshale uko kwenye kijani na uuweke unapoufikia ukiwa umekaa.

Tenki ni la lita 60. Petroli iliyokaa miaka inatoa sehemu yake nyepesi hewani, inabaki ile nzito, inakuwa nyeusi inanata kama asali ya Singida iliyosahaulika chupani, na juu ya hapo kule ambako petroli haikufika kuna kutu. Tenki tulilishusha, tukatoa uchafu, tukaweka siki na mnyororo mwembamba ndani tukawa tunalitikisa na kuligeuza kwa siku kadhaa, kisha tukasuuza na maji yenye magadi kuua ile tindikali, tukakausha juani, na jua letu kwa hilo halina mpinzani, kisha tukapitisha petroli kidogo ndani upesi kabla kutu halijaanza upya. Kama lina tundu, usilipeleke kwa fundi wa kuchomelea likiwa limetoka kwenye gari hivihivi. Tenki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ndo unaolipuka. Watu wamekufa hivyo.

Pampu ni ya kimekanika, imefungwa kwenye silinda hedi, inasukumwa na kamshafti, na ndani ina diaframu ya raba, ndo tumerudi palepale. Ikipasuka kuna mtu atakushauri utoe pampu ya umeme kwenye gari ya EFI (isiyo na kabureta, petroli inapulizwa kwa nozeli) ufunge. Hapana. Kabureta inataka presha ya kama psi 3 mpaka 4, pampu ya EFI inatoa zaidi ya 35, ile sindano ndogo inayozuiwa na floti (boya la ndani ya kabureta) haiwezi kushikilia hiyo presha, petroli inafurika inamwagikia eksosi. Ukitaka ya umeme tafuta ya kabureta yenye presha ndogo.

Kabureta zenyewe napenda sana kuzifanyia kazi, na kwa kweli ni rahisi kuliko zinavyosemwa. Kila moja ina pistoni inayopanda na kushuka kutokana na mvuto wa hewa, chini yake sindano inayoingia kwenye jeti. Inua pistoni kwa kidole uachie, itue kwa mlio mkavu, ikikwama safisha, usipige msasa. Ile kofia na pistoni yake vimeoana, usichanganye za mbele na za nyuma. Juu weka mafuta mepesi, SAE 20, siyo yale mazito ya injini. Kuanzia, zungusha nati ya jeti mpaka juu kabisa kisha shusha mizunguko miwili na nusu kwa zote mbili, washa, ipate moto, alafu chukua mpira mwembamba weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, sikiliza mvumo. Ikivuma sawa zote mbili umeshapata nusu ya kazi na sailensi inatulia. Nusu iliyobaki utaisoma kwenye plagi: nyeusi ya masizi, mafuta mengi; nyeupe, mafuta kidogo; unataka kahawia.

Na usome plagi hapahapa. Dodoma iko kwenye mita kama 1,120, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 mpaka 12 kuliko Dar, kwa hiyo gari iliyosetiwa Dar ikifika huku inakula mafuta mengi kuliko hewa inayopata, inatoa moshi mweusi, watu wanasema injini imechoka. Vilevile boksi la filta ya hewa libaki. Najua vile vifilta vidogo vya chuma vinapendeza na mlio wake ni mtamu, ila Agosti upepo unavyopiga hapa na vumbi lile, hapana kabisa, filta ya asili ya karatasi, unaikung'uta na unaibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Joto ndo kitu cha mwisho. Unafika Mtera mchana, unazima, unakula samaki, unarudi baada ya nusu saa gari haiwaki au inawaka inamisi na kuzima. Eksosi imepasha kabureta na mabomba, petroli imechemka humo ndani. Wakati gari inatembea, kinachosaidia ni lile bomba la kurudi, linafanya petroli izunguke na kurudi tenki ikiwa ya baridi kidogo badala ya kukaa ikipikwa, na ndo maana nashangaa wanaoliziba eti linapoteza presha. Rudisha bomba la kurudi, rudisha na lile bati la kukinga joto chini ya kabureta ambalo mafundi hulitupa, ukifika fungua boneti. Ikigoma kuwaka kanyaga petroli mpaka chini ushikilie bila kupampu, piga stata, itakohoa itawaka.

Baada ya kazi yote hiyo usiende Mtera. Toka asubuhi na mapema kabla malori hayajajaa, barabara ya Singida upande wa Nala, funga breki ukiwa 40, kisha 60, mkono mmoja mwepesi kwenye usukani uone kama inavuta. Simama, weka kiganja karibu na kila rimu, ya kulia na kushoto joto lifanane. Rudi nyumbani, ilaze usiku juu ya maboksi makubwa yaliyokunjuliwa, moja chini ya injini, moja chini ya tenki, na kipande chini ya kila tairi, kisha asubuhi angalia madoa yako wapi kabla hujawasha. Doa la breki linateleza kwenye vidole na halikauki, la petroli linaacha harufu tu. Hendibreki usiivute usiku huo, weka gia na jiwe nyuma ya tairi, maana shuu mpya zilizoloweshwa wakati wa kusafisha zinaweza kugandia dramu.